Kipini cha jambia na ukili wa shangazi: tulichochuma pwani zote mbili



Kisa changu kimeanza na harusi. Mtoto wa kaka yangu alikuwa anaoa hapa Ibra, na siku tatu kabla ya nikahi akaja kuomba jambia la babu yake, yaani marehemu baba yangu, apate kulivaa. Jambia lenyewe lilikuwa kashani miaka na miaka, limefungwa kitambaa. Kipini chake mzee alikipata bara, zamani za Tabora, na fedha yake ikafuliwa huku Oman. Basi tukalitoa, likapita mkono kwa mkono barazani, wazee wanalisifu, mmoja analipima uzito, mwengine anakipangusa kipini kwa ncha ya kanzu ili king'are. Kijana akauliza, "Ami, kipini hichi cha nini?" Mzee mmoja akamjibu upesi upesi, "Zaraf." Kijana akacheka. "Twiga? Twiga ana pembe gani ya kutosha kipini?"

Baraza nzima ikanyamaza. Manake sote tulilijua jibu na hakuna aliyetaka kulitaja. Kwa Kiarabu zarafa ni twiga, sawa, lakini kwa wenye majambia wa Oman na Yemen "zaraf" ni pembe ya kifaru. Ukimuuliza muuzaji wa zamani sokoni Nizwa atakwambia zaraf, na mnunuzi ataondoka akidhani ni twiga. Mnyama kafichwa ndani ya neno.

Usiku ule sikulala vyema. Nikawa nakihesabu kila kilichomo nyumbani. Kitana cha bibi cha gamba la ng'amba. Vipande viwili vya boriti vilivyobaki kutoka nyumba ya zamani. Mikeka na vikapu vya shangazi. Nyumba moja tu, na kila kitu ndani yake kimechumwa mahala. Historia yetu ya pwani hizi mbili tumeiandika sana kwa upande wa nani alimtawala nani, nani alimpindua nani, na tumebishana mpaka koo zimekauka. Leo naomba tuitazame kwa upande mwengine: tulikata nini, tuliokota nini, tuliua nini, ili tuwe na vitu vizuri majumbani mwetu. Na nani aliyejua pa kukomea.

Rai yangu ni nyepesi. Katika kuchuma kuna vitu vya namna tatu. Kuna kinachokatwa na mwenyewe akaendelea kuishi. Kuna kinachokatwa kikachelewa kurudi, na kikikatwa ovyo hakirudi. Na kuna ambacho hukipati mpaka mwenye nacho afe. Fundi wa zamani alizijua namna hizi tatu vizuri kuliko sisi, kwa sababu alikaa karibu na alichokichuma. Mambo yaliharibika pale oda ilipotoka mbali. Na aliyezibeba oda hizo, tuseme kweli, ni sisi.

Nianze na mtende, manake Ibra na Nizwa ukiutoa mtende hakubaki kitu.

Shangazi yangu alikuja Ibra kutoka Unguja miaka ya sabini. Kule alikuwa msukaji hodari, akichana chane za mkindu, akizitia rangi, akisuka ukili usiku huku anapiga hadithi, halafu mikeka inashonwa. Huku akakuta mkindu hakuna. Kuna mtende, binamu yake, lakini chane yake ngumu na ina makali. Mwezi mzima vidole vyake vilikuwa vimefungwa matambara. Mabibi wa Ibra ndio waliomfundisha kuzirowesha chane mpaka zilainike, na wapi pa kukata. Sheria yao ilikuwa moja na hawakuiandika popote: makuti ya chini na ya kando ni yako, ya katikati ni ya mtende mwenyewe. Mtende una kilele kimoja tu. Si kama mti wa kawaida ukikatwa huku unachipua kule. Ukiutoa moyo wake kwa ajili ya chane laini nyeupe, umeuua mti ambao babu wa mtu aliupanda na mjukuu wa mtu alikuwa aule tende zake.

Kwa hivyo kazi yote ya makuti Oman imejengwa juu ya usafi wa shamba. Kila mwaka mtende unasafishwa, makuti makavu yanakatwa, na yale yaliyokatwa ndiyo yanayokuwa vikapu vya kuvunia wanavyoviita qafir, mikeka, vipepeo, na magunia ya tende ya jirab. Magogo ya mitende iliyokufa yakawa mihimili ya dari. Nyuzinyuzi za shinani zikawa kamba. Fimbo za makuti zikaunganishwa zikawa da'an, ambazo ndizo za kuanikia tende na za kujengea vibanda. Hakuna kilichotupwa na hakuna mti uliokufa kwa ajili ya kikapu. Shangazi alikuwa na tabia moja tuliyomcheka sana. Kabla ya kuti kavu kukatwa alikuwa anamwambia mkwezi alitikise kwanza na angoje kidogo. Tetere hutaga humo, na popo hulala humo mchana. Mkwezi akinung'unika, "Bibi, jua kali!" naye akijibu, "Na wao ndilo linalowakimbiza humo."

Huko mabondeni kuna mti mwengine, ghadaf, mtende mfupi wa mwituni unaoota kwenye mawadi makavu. Haupandwi na mtu wala hauna mwenyewe. Majani yake yanatoa kamba na mikoba madhubuti. Ghadaf unatofautiana na mtende wa shamba: unatoa mashina mengi kutoka chini, kwa hivyo unastahamili kukatwa. Lakini hata huo, mchumaji anayejua hachukui shina zima, anachukua majani machache hapa akasogea kule. Akilimaliza kichaka, mwakani atatembea mbali zaidi.

Na Mabedui wa mchanga wa Sharqiyah, wale mnaowaona soko la Alkhamisi Sinaw, wana mti wao wa ghaf. Unasimama jangwani mahala ambapo hata jiwe linaona kiu, kwa sababu mizizi yake inakwenda chini sana kutafuta maji. Mwaka 1986 wataalamu wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya Uingereza walikuja kuuchunguza mchanga ule, na misitu ya ghaf ikawa moja ya mambo yaliyowashughulisha sana. Desturi ya Bedui ni kuwa kuni ni mti uliokufa. Tawi bichi ni la mbuzi, na hata hilo ni wakati wa dhiki ya ukame. Sufi na manyoya ya mbuzi wanayafuma wenyewe kuwa matandiko ya ngamia na mikoba, na mbuzi aliyekatwa manyoya anaendelea kula. Hata rangi nyingi zilitoka kwenye mimea, kama maganda ya makomamanga ya Jabal Akhdar. Nili ya Bahla na Firq ililimwa kabisa shambani, haikuokotwa. Wale bibi zetu waliovaa kaniki wataielewa vyema rangi hiyo.

Hiyo ndiyo namna ya kwanza. Naipita haraka kidogo kwa sababu haina aibu ndani yake. Tuje kwenye ya pili.

Sur, kama mnavyojua, mji ule uliishi kwa jahazi. Mpaka leo ukienda utaliona Fatah al-Khair limesimama pale karibu na khori, ghanja iliyoundwa Sur mwaka 1951. Na mwaka 1980 palepale Sur Tim Severin aliundiwa chombo chake Sohar, mbao zimeshonwa kwa kamba za kumbi bila ya msumari hata mmoja, akakipeleka mpaka Canton. Mbao za vyombo hivyo hazikutoka Oman. Zilitoka Malabar, kwa sababu Oman haina miti mirefu ya kutoa mbao kama hizo. Kilichotoka huku ni mataruma: matawi yaliyopinda yenyewe ya mkunazi na ya mgunga. Fundi alikuwa anakwenda bondeni kuchagua tawi lenye umbo analolitaka, analikata hilo na mti anauacha. Tazameni tena: jicho la fundi linachagua, halifyeki.

Lakini jahazi likishashushwa majini linataka shehena. Vyombo viliondoka na kaskazi vikiwa na tende, papa mkavu na chumvi, vikarudi na kusi vikiwa na boriti. Na hapa sitaki kuficha: vyombo vya Sur vilibeba na watu pia, na wazee wetu Unguja walikuwa wanawaficha watoto ndani msimu wa Wasuri ukifika. Khabari hiyo ni nzito kuliko yote haya na inataka mahala pake peke yake. Hapa nazungumzia miti.

Boriti zilikatwa Lamu na kwenye delta ya Rufiji. Mnajua majina yake kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Zikihesabiwa kwa korja, ishirini ishirini. Ghuba nzima ikiziita chandal. Alan Villiers, yule Muaustralia, alisafiri na bumu la Kuwait msimu wa 1938 na 1939 mpaka Rufiji, akaeleza namna mabaharia walivyoingia matopeni kupakia. Vyumba vya nyumba zetu ni vyembamba na virefu, Mji Mkongwe na Lamu, kwa sababu boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Ukitaka chumba kipana utafute mti mwengine. Vivyo hivyo Bahrain, Kuwait, na bandari za Oman. Mikoko ya Afrika ndiyo iliyowapimia vyumba Waarabu wa Ghuba.

Sasa, mkoko unaota tena? Inategemea. Mchu ukiukata unachipua kutoka kisikini. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya kama miguu ya buibui, na ndio wenye boriti nzuri, ukiukata chini ya majani yake umekwisha. Unarudi kwa mche tu, ile mbegu ndefu inayochomeka topeni kama mkuki. Kwa hivyo mkataji wa kijijini anayechagua ya unene anaoutaka na kuiacha midogo, msitu wake unasimama. Anayefyeka ili ajaze jahazi kabla ya kusi kushika, huyo anaacha tope tupu, na samaki na kamba waliokuwa wakizalia mizizini wanaondoka. Wajerumani walikwisha kuiogopa hali hiyo mapema, wakaitangaza mikoko ya Rufiji kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1898. Sidhani walikuwa wanawaonea huruma kamba. Walitaka mapato. Lakini hofu yenyewe ilikuwa ya kweli. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nchi za nje mwaka 1982, na wakati huo saruji na chuma vilikuwa vimeshaiua biashara kwa upande wa Ghuba.

Kuna jambo linalonifurahisha katika hili na nataka nilitaje. Oman ina aina moja tu ya asili ya miti ya mikoko, nayo ni mchu, uleule wa Lamu na Unguja. Tangu miaka ya 2000 kumekuwa na vitalu vya kuotesha miche yake, na kimoja kilianzishwa Sur. Mji uliokuwa ukileta nguzo kwa korja kutoka Afrika ukaanza kupanda.

Namna ya tatu sasa, na hapa ndipo ninapoona tabu.

Twende Ras al Jinz, mwisho kabisa wa Sharqiyah, pale ardhi ya Waarabu inapopindukia baharini. Kuanzia mwaka 1985 Serge Cleuziou na Maurizio Tosi walichimba pale na Ras al Hadd, wakakuta watu walioishi zaidi ya miaka elfu nne iliyopita. Watu hao walikuwa mafundi. Walichonga pete kwa makombe ya konokono wa baharini, kwa wingi, kama karakana. Walikuwa na vyombo vya matete vilivyopakwa lami, na lami hiyo ilitoka Iraq. Na walikula kasa. Mifupa yake imo majaani mwao.

Kasa bado wapo pale. Ufukwe ule ni moja ya mahala muhimu zaidi ya kasa wa kijani katika Bahari ya Hindi. Jike anapanda usiku, anachimba, anataga mayai kama mia, anayafukia, anarudi. Baada ya kama siku 55 watoto wanatoka na kukimbilia maji, na wengi wanaliwa na ndege, mbweha na samaki kabla ya mchana kupambazuka vizuri. Anayesalimika anakaa baharini miongo ya miaka ndiyo afike umri wa kutaga, na hurudi kutaga sehemu ileile ya pwani aliyoanguliwa. Kasa waliotiwa alama Ras al Hadd wameonekana mpaka Somalia. Ana pwani mbili, kama sisi.

Mwaka 1996 Sultan Qaboos alitoa amri ya kifalme nambari 25/96 ya kuifanya Ras al Hadd pamoja na Ras al Jinz hifadhi ya kasa. Mwaka uliofuata ikaja hifadhi ya As Saleel huko Al Kamil wal Wafi, kwa ajili ya swala na migunga. Na mwaka 2003 ikatoka sheria nzima ya hifadhi na wanyama wa mwituni, amri 6/2003. Mwaka huohuo pia ikaundwa mamlaka ya kazi za mikono. Kazi yake baadaye, mwaka 2020, ikahamishiwa mamlaka ya biashara ndogondogo. Nayataja haya pamoja makusudi. Serikali ilimlinda mnyama kwa mkono mmoja na fundi kwa mkono mwengine, mwaka mmoja, lakini kwenye karatasi mbili tafauti. Mkunazi wa mataruma na swala wa As Saleel wanaishi bonde moja.

Kitana cha bibi yangu si cha kasa wa kijani. Ni cha ng'amba, yule mwenye mdomo kama wa mwewe na magamba yenye mawingu ya rangi ya asali. Biashara ya gamba lake ni ya kale kuliko Uislamu. Mfanyabiashara wa Misri aliyeandika Periplus kwa Kigiriki, katika karne ya kwanza, anasema kuwa Rhapta, pwani yetu ya Afrika, ilitoa pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Na anakieleza kisiwa cha Menouthias ambako watu walikuwa na vyombo vilivyoshonwa, na waliwategea kasa kwa matenga wakiyafunga kwenye milango ya maji miambani. Tenga! Kikapu! Kazi ya mikono ya msukaji, inayokamata kazi ya mikono ya mchonga vitana. Nilipokisoma kifungu hicho mara ya kwanza nikamuona shangazi yangu mle ndani.

Mvuvi wa Menouthias, akiwala kasa wake na gamba akaliuza, bahari ilimstahamilia miaka elfu. Kisha karne za karibu soko likawa Ulaya na Mashariki ya Mbali, wanunuzi wasiomuona ng'amba hata siku moja, na ng'amba leo yumo katika walio hatarini kabisa kutoweka duniani. Hata kasa mwengine asiyekuwa na gamba la thamani hakusalimika na zama zetu. Masirah, ambayo imo katika Sharqiyah Kusini, miaka ya sabini ilikadiriwa kuwa na majike 30,000 kila mwaka wa aina ile yenye kichwa kikubwa. Mwaka 2015 kundi hilo la kaskazini magharibi ya Bahari ya Hindi likaingizwa katika daraja ya hatari kubwa kabisa. Hapo hakuna fundi wa kulaumiwa. Ni nyavu, taa, na magari ufukweni.

Na kifaru je? Wenye elimu watanisahihisha kuwa pembe ya kifaru ni kama ukucha, ikikatwa kwa uangalifu inaota. Ni kweli, na baadhi ya hifadhi zinawakata vifaru pembe ili kuwaokoa. Lakini nani mwindaji wa Tabora au Tsavo aliyekuwa na subira hiyo? Kwa mwindaji, pembe ni kifaru aliyelala chini.

Aliyenifungulia macho ni Esmond Bradley Martin. Mwaka 1978 yeye na mkewe Chryssee walichapisha kitabu juu ya majahazi na bandari za bahari yetu, Cargoes of the East. Alizipita bandari hizi akiuliza bei za kila kitu. Kisha mtu yuleyule akayatumia maisha yake yaliyobaki kufuatilia pembe za kifaru na za ndovu, sokoni kwa sokoni, mpaka alipouawa nyumbani kwake Nairobi, Februari 2018. Sidhani alibadilisha somo. Ukiifuata shehena ya jahazi kwa uaminifu, mwisho wake unafika kwenye mzoga.

Fikirini hesabu. Karne nyingi jambia lenye kipini cha zaraf lilikuwa la sheikh, la tajiri, la mtu mmoja katika mji. Miaka ya sabini pesa za mafuta zikaingia, vibarua wa Yemen ya Kaskazini wakafanya kazi Saudia, na kila kijana akataka kuvaa alichovaa sheikh. Mwaka 1970 vifaru weusi Afrika walikadiriwa 65,000. Kufika katikati ya miaka ya tisini hawakuzidi sana 2,400. Wengine walikwenda dawa za Mashariki ya Mbali, lakini sehemu kubwa ya miaka ile ilikwenda Sanaa kuwa vipini, Oman nayo ikachukua fungu lake. Mkataba wa CITES uliifunga biashara yenyewe mwaka 1977, soko likaendelea kwa mlango wa nyuma. Oman ilijiunga na mkataba mwaka 2008. Leo vifaru weusi wamepanda tena, wapindukia 6,000, na kila mmoja wao ana askari wa kumlinda. Hebu fikirini mnyama wa tani nzima asiyeweza kulala bila ya mlinzi kwa sababu ya harusi zetu.

Sisemi haya kumhukumu marehemu baba. Alinunua kitu halali kwa zama zake, na alijua thamani yake. Wala sisemi jambia liachwe. Mwaka 2022 UNESCO iliandikisha ufundi wa khanjari wa Oman katika urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu, na ni haki yake. Tazameni la Nizwa lilivyo kubwa na la Sur lilivyo dogo na jepesi, mafundi wa fedha wanaofua nyuzi nyembamba kama nywele. Ufundi umo katika mkono wa yule fundi. Pembe haikufua kitu.

Basi nirudi harusini. Usiku wa pili palikuwa na mjadala mkali. Mmoja katika jamaa alisema liuzwe, kuna mtu nchi jirani anatoa pesa ya kutosha kumjengea bwana harusi chumba. Nikamwambia kulivusha mpaka ni kuvunja sheria, na hata kama si sheria, pesa ile inamwambia mtu wa porini kuwa bei bado ipo. Akakasirika, akasema mimi nasoma vitabu vingi mno. Mwengine akasema kipini king'olewe kichomwe moto, kama Kenya ilivyochoma pembe za ndovu mwaka 1989. Hilo nalo sikuliafiki. Kukichoma hakumrudishi kifaru, na mtoto wa kesho hatapata cha kuuliza.

Kijana mwenyewe ndiye aliyelimaliza. Alisema, "Nitafanya jipya. Kipini cha msandali." Wazee wakafurahi, harufu nzuri. Nikawa sina budi kumuudhi tena. Kenya imepiga marufuku kuvuna msandali tangu 2007, kwa sababu wavunaji wa magendo waling'oa mpaka mizizi, na msandali wa Afrika Mashariki tangu 2013 umo ndani ya CITES. Msandali wa Hindi nao si mwingi. Usikimbie pembe ukaangukia mti unaokwenda njia ileile. Akanitazama. "Sasa Ami, niwe na jambia la plastiki?"

Shangazi alikuwa kimya muda wote, anasuka, macho hayaoni tena vizuri lakini vidole vinajua njia. Akasema, "Nyuma ya nyumba kuna mkunazi. Kuna tawi lilivunjika na upepo tangu mwaka jana. Limekauka. Si mlikuwa mnaundia majahazi kwa mkunazi?"

Fundi wa sokoni alilichonga, akalivisha fedha. Kipini kina rangi ya hudhurungi, na ukikitazama karibu unaiona mishipa ya mti. Hakina fahari ya lile la babu, sitawadanganya. Wageni wawili waliuliza ni cha nini, na kijana akawajibu wazi, neno moja, bila ya kulifichia mnyama ndani yake.

La mzee limerudi kashani. Ndani ya kitambaa nimetia karatasi kwa Kiswahili na Kiarabu: kipini hichi ni cha pembe ya kifaru wa bara, si twiga, hakiuzwi. Na kitana cha bibi kimewekwa hapohapo na karatasi yake.

Ninalowaomba ni dogo. Kila mmoja wetu ana kasha la namna hii, Maskati, London, Toronto, popote tulipotawanyika. Kabla wazee hawajaondoka, waulizeni kila kitu kilichumwa wapi, kilikatwa vipi, na waliacha nini nyuma. Wao ndio wanaojua kuti gani la kukatwa na lipi la kuachiwa mtende. Na wenye khabari za boriti za Sur, au za wasukaji wa Ibra na Nizwa, watujuvye. Nilipokosea nisahihishwe, sitachukia.

Wasalaam.